Mkia wa Simba

Paukwa!

Pakawa.

Wanyarwanda hufungua ngano zao kwa "Kera habayeho", na hapo msikilizaji hunyamaza. Sisi wa Biryogo, watoto wa wapagazi, askari na wachuuzi waliofuata njia ya misafara mpaka kwenye mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, tumeng'ang'ania paukwa yetu. Mimi ni Kunguru. Nina kizibao cheupe kifuani na koti jeusi mgongoni, makazi yangu ni paa la bati pembeni ya msikiti, na ukoo wetu ulisema Kiswahili kabla mji huu haujawa na taa ya barabarani. Kwa hiyo nikiwasimulia habari za bonde la Nyandungu, ambako ndugu zangu wa mbawa na wa miguu walipata taabu kwa ajili ya mkia, msiniulize nilijuaje. Kunguru haalikwi mkutanoni, ila hakuna mkutano asioukalia juu.

Nyandungu ni bonde la majimaji upande wa mashariki wa Kigali, si mbali na uwanja wa ndege. Siku hizo halikuwa na njia za baiskeli wala viti vya kupumzikia. Lilikuwa tope na mafunjo, na jioni vyura wakiimba mpaka abiria wa basi wakasikia. Humo alikaa Umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, naye alikuwa mwalimu. Alifundisha makinda kuhesabu, kupima kina cha maji kwa mguu mmoja, na kutofautisha gogo na kitu kinachojifanya gogo. Alifanya hivyo miaka ishirini. Hakuna kinda wake aliyezama.

Darasani alitumia lugha ya Jogoo. Jogoo mwenyewe hakuwahi kulitawala bonde hili. Lugha yake ililetwa na jirani yake mdogo wa kaskazini, aliyeingia mwaka 1916 baada ya kumfukuza Mjerumani, akawika kwa sauti ya kuazima mpaka sote tukadhani ni yake. Nyumbani wanyama walisema Kinyarwanda, sokoni wengine wakasema nami Kiswahili, na asubuhi shuleni wakawika.

Sasa sikilizeni jambo la milango, maana hekaya yote inaning'inia hapo.

Kila lugha ina vijilango vyake. Walimu wa sarufi huviita vihusishi: bila, kabla ya, baada ya, badala ya, kwa. Kitenzi kikiwa uwanjani hutembea kitakavyo: analipa, tulilipa, watalipa. Kikitaka kupenya mlangoni ndipo bawabu hukitazama namna kilivyovaa. Kwetu bawabu hudai kofia. "Bila kulipa." "Kabla ya kuondoka." "Badala ya kulala." Ile "ku" ndiyo kofia, na hakuna mtoto wa Biryogo anayefundishwa kuivaa, anazaliwa nayo. Kinyarwanda kadhalika, ila kofia yao ina madaha zaidi, hubadilika rangi kwa kutazama herufi inayofuata: wanasema kugenda na kubona, lakini wakifika kwenye kazi wanasema gukora. Bawabu wa Jogoo alikuwa mpole zaidi. Kitenzi kilipita kwake na miisho yake ileile ya kamusini, "sans payer", "avant de partir", akapunga mkono. Mlango mmoja tu, ule wa "en", ulidai kijimkia. Umusambi aliipita milango hiyo miaka yote pasipo kukunja shingo.

Ikafika mwaka 2008, mwezi wa kumi. Baraza likakaa chini ya umuvumu, ule mti mkubwa jamii ya mkuyu, nami nikiwa tawi la juu. Likaamua kwamba kuanzia mwaka utakaofuata masomo yote ya bonde yatatolewa kwa lugha ya Simba wa Kisiwani. Sababu zilitajwa, na sikuzidharau. Soko la Mashariki tulikuwa tumejiunga nalo mwaka 2007, na wachuuzi wake wakubwa walinguruma. Ndege wengi waliorudi nyumbani baada ya 1994, mwaka ambao hekaya haina kinywa cha kuusimulia, walikuwa wamelelewa ng'ambo ya mpaka wa Gatuna na Kagitumba, wamesoma kwa ngurumo tangu kiotani. Tena Jogoo alikuwa amegombana na wakubwa wa bonde, na ugomvi wa wakubwa haukosi kufika darasani.

Jambo moja halikutajwa na yeyote. Mwaka huo, katika Rwanda nzima, hapakuwa na simba hata mmoja. Wa mwisho walikuwa wamekwisha zamani kule mbugani Akagera. Bonde zima liliamriwa kusema lugha ya mnyama ambaye makinda walimjua kwa picha.

Simba ana mkia, na mkia wake una shungi mwishoni. Bawabu wa milango ya Simba hatazami kichwa chako; akuzungusha, akutazama nyuma. Unataka kupita mlango wa "without"? Sharti kitenzi chako kiwe na shungi la "-ing": "without paying". Mlango wa "before", "after", "instead of", "by", "in", "on", "of", yote mkia. Ukija na "without to pay", kama alivyozoea mtu aliyetoka kwa Jogoo, unarudishwa. Ukija na "without pay" huku ukiwa na maana ya kitendo, unarudishwa na kuchekwa, maana umesema umefanya kazi bila mshahara. (Jambo ambalo kwa walimu wengi halikuwa kosa la sarufi hata kidogo.)

Novemba hiyo, shule zikiwa likizo, akaja mtaalamu: Mbayuwayu. Ndege huyu huzaliwa Uingereza chini ya paa la zizi la ng'ombe, na kwao kukianza baridi huruka mpaka huku kwetu na kusini zaidi. Mkia wake umechanuka kama mkasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu za rangi nne, karatasi kubwa za kubandika ukutani, na warsha ya wiki mbili. Chai ililetwa saa nne pamoja na sambusa, na posho ililipwa Ijumaa. Nadhani hivyo viwili ndivyo vilivyoeleweka vizuri kuliko vyote.

Siku ya mwisho pakawa na mtihani. Umusambi akaandika barua ya kumkaribisha mkaguzi bondeni, kwa mwandiko wake mzuri wa zamani wenye kulalia upande mmoja, akamalizia: "I look forward to see you."

Mbayuwayu akapiga mstari mwekundu chini ya "see".

"Samahani, Bwana Mkufunzi," akasema Umusambi, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama afanyavyo akifadhaika. "Juzi ulitufundisha kwamba baada ya 'to' kitenzi huja uchi. 'I want to see.' Tumeimba wimbo mzima. Leo 'to' ni ileile, kitenzi ni kilekile."

"Ndiyo, lakini hapa ni 'seeing'."

"Kwa nini?"

Mbayuwayu akafikiri. Alipepesa macho, akaigeuza kalamu, akasema, "Kwa kweli, ile nyingine inasikika vibaya."

Jibu hilo nimelisikia kwa wenye lugha wa kila namna, na sina budi kukiri kwamba nami nimelitoa mara nyingi. Mwenye nyumba hajui idadi ya ngazi zake. Mguu wake ndio unaojua. Lakini mgeni anayepanda gizani hawezi kuazima mguu huo. Umusambi akaandikiwa kwenye cheti kwamba yuko daraja la chini. Mwalimu wa miaka ishirini, ambaye hakuna kinda wake aliyezama, akawekwa benchi moja na makinda wake kwa sababu ya shungi.

Habari ikatapakaa kwamba bila mkia hakuna ajira. Na penye shida ya namna hiyo Bakame hakosekani. Sungura huyo mjanja wa ngano za Rwanda mnamjua. Akafungua kibanda soko la Kimironko, kati ya wauza ndizi na mafundi cherehani, akaanza kusuka mikia ya nyuzi za mgomba. Mfupi bei poa, mrefu wenye shungi maradufu bei ya bosi. Kila mnunuzi alifungiwa mkia wake katika karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku kisheria mwaka uleule wa 2008, na Bakame, pamoja na utapeli wake wote, hapendi kugombana na serikali.

"Bosi wangu," alikuwa akinadi, "weka mkia kila mahali. Ukikosea umekosea kisomi."

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Warupyisi, yaani Fisi. Fisi alikuwa anaiwinda zabuni ya kufagia bonde, na barua yake ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa aliandika "I am interested in sweep." Akanunua mikia mitano kwa mpigo, akaandika upya. Safari hii mlango wa "in" ulipata haki yake, "interested in sweeping", safi kabisa. Ila Fisi hakuishia hapo. Akaendelea: "I can sweeping. I must winning. Let me explaining." Uwanjani, pasipo mlango wowote, akatembea na mkia begani, mwingine kiunoni, mwingine umemnasa mguu. Maneno kama "can" na "must" si milango hata chembe. Ni kama fimbo ya mchungaji inayomgusa ng'ombe mgongoni. Ng'ombe huenda kama alivyo.

Ugonjwa ukaenea. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, wanyama wote walipokuwa wakizibua mtaro, kiongozi wa shughuli akahutubia: "We should cleaning, and after clean we will dancing." Mnaona msiba wake? Mlango ulikuwa mmoja tu katika sentensi nzima, ule wa "after", na ndio pekee alioupita bila mkia. Umati ukapiga makofi. Nzi waliokuwa juu ya mtaro walihama, ingawa sidai kwamba ni kwa sababu hiyo.

Bundi, ambaye hulala mchana kwenye kabati la vitabu, alijaribu kueleza. Alisema kwamba zamani za kale katika kisiwa cha Simba palikuwa na mikia miwili. Mmoja, "-ung" au "-ing", ulikigeuza kitendo kuwa jina. Wa pili, "-ende", ulimwonyesha mtu akiwa katikati ya kutenda. Karne zikapita, mikia ikasuguana kwa matumizi, yote miwili ikaishia kufanana. Kwa hiyo "I am sweeping" na "interested in sweeping" yana shungi la umbo moja, asili mbili. Maelezo ni ya kweli, tena mazuri. Lakini Bundi aliyatoa saa nane za usiku, kwa sauti ya kutisha, na wanyama wakadhani anatangaza msiba.

Aliyebaki macho ni Chura.

Chura hakuwa na cheo wala cheti. Alikuwa na kinyongo tu. "Mkia?" alikuwa akisema. "Mimi nilizaliwa nao! Nilipokuwa kiluwiluwi niliogelea kwa mkia. Nikaambiwa kukua ni kuuacha. Nimeuacha, nimeota miguu, sasa naambiwa asiye na mkia hajasoma." Na kwa kuwa usiku hana usingizi, akaenda kukaa karibu na mlango ule uliomwangusha Umusambi, mlango wa "to", ili aone una nini.

Bawabu wa mlango huo alikuwa Kinyonga. Nadhani hapo ndipo walipokosea tangu mwanzo, kumweka Kinyonga mlangoni. Macho yake hayaendi pamoja. Jicho la kulia likitazama Ndera, la kushoto linatazama Kicukiro. Chura akaona wanyama wakipita: huyu hana mkia, anaambiwa pita. Huyu hana mkia, anaambiwa rudi. Huyu ana mkia, anaambiwa toa huo mkia. Mlango mmoja, bawabu mmoja, wala hakuna aliyekuwa akionewa. Kilichoamua ni jicho gani linafanya kazi.

Usiku wa tatu Chura alikuwa anakula nzi, kama desturi yake, na mmoja akamponyoka mdomoni pale mlangoni. Wakati huo mnyama mmoja alikuwa amefika na maneno "I look forward to", bado hajatia kitenzi. Ulimi wa Kinyonga ukafyatuka, fyuu, nzi akaliwa.

Chura akanyamaza. Akasubiri aje mwingine. Huyu alikuja na "I want to". Chura akamtupa nzi kwa makusudi. Kinyonga hakutikisika. Nzi alimtua puani, akatembea mpaka kwenye kope, akaondoka zake mzima.

Mpaka alfajiri alikuwa amemaliza nzi wote wa akiba. "I used to": Kinyonga hakula. "I am used to": akala. "I object to": akala kwa pupa. "I hope to": hakula. Akakimbia, yaani akaruka, mpaka kwa Umusambi, akamkuta anasafisha ubao.

"Mwalimu, nimepata dawa. Usiulize mkia. Tupa nzi!"

"Nzi gani tena, Chura?"

"Jina lolote la kitu. Nzi, chai, barua, mkutano. 'Ninautazamia mkutano', kwa lugha yao wanasema 'I look forward to the meeting'. Mlango umelimeza jina. Basi huo ni mlango kweli, na kitenzi kikija hapo sharti kije na mkia. Sasa sema 'I want to the meeting'."

Umusambi akaisema kwa sauti ndogo, akakunja uso. "Haiingii."

"Haiingii kwa sababu 'to' ya pale si mlango. Ni kitambaa tu ambacho kitenzi kimejifunga kichwani. Ina sauti ya mlango, wala haifunguki."

Nilikuwa juu ya antena siku hiyo, nikaona lile taji la dhahabu likitetemeka. Umusambi hakusema neno kwa muda. Kisha akachukua chaki, akaandika kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili chetu cha mtaani, safu kwa safu. Zamani nilikuwa nikiamka alfajiri: "I used to wake". Nimezoea kuamka alfajiri: "I am used to waking". Akasogea nyuma hatua mbili kwa ile miguu yake mirefu.

"Chura," akasema, "mimi nikisema 'bila kulipa', hiyo 'kulipa' ni nini?"

"Kitendo."

"Ni kitendo kilichovaa kofia. Naweza kusema 'kulipa kwako kumenifurahisha'. Naweza kusema 'kulipa huku kumezidi'. Kina mwenyewe, kinaonyeshwa kwa kidole, kinasimama mbele ya sentensi kama mtu mzima mwenye shamba. Kwenye vitabu vya Kiswahili wanakiita kitenzi-jina, nacho kina ngeli yake. Ni nzi, Chura! Ni nzi mwenye mbawa za kitenzi." Akapiga ubao kwa ukucha. "Mlango wa Simba hautaki mkia. Unataka jina, kama mlango wetu. Sisi tunakigeuza kitendo kuwa jina kwa kichwa, wao kwa mkia. Miaka ishirini nimewafundisha makinda wangu jambo hili, na wao waliniweka benchi kwa kutolijua!"

Chura, ambaye alikuwa ameshinda na njaa, aliuliza kama kuna nzi wowote hapo darasani.

Tangu siku hiyo Umusambi akawa anafundisha kwa nzi, na makinda wakaelewa kwa wiki moja yale ambayo warsha ilishindwa kuyaingiza. Alikuwa mwangalifu asidanganye. Aliwaambia kwamba kofia na mkia si sawasawa kila mahali. Mtu wa Biryogo akisema "nimekuja kukuona", asidhani atapita mlango wa "for" na mkia wake, "I came for seeing you". Mlango ule hupokea shukrani na lawama, "thank you for coming", "punished for stealing"; nia ya safari ina njia yake pembeni, "I came to see you", na hapo jicho la Kinyonga limelala. Makinda wakauliza kwa nini. Umusambi akafungua mdomo, akakumbuka jibu la Mbayuwayu, akaufunga. "Hilo," akasema, "tutalitazama kesho." Alilitazama, najua, usiku kucha, na kesho yake akawa na jibu refu lisilowaridhisha.

Mtihani uliofuata akafaulu. Cheti kipya, daraja la juu, muhuri wa bluu.

Mwaka 2011 Baraza likakaa tena chini ya umuvumu. Likaona kwamba makinda wadogo wanachanganyikiwa, likaamua miaka mitatu ya mwanzo wafundishwe kwa Kinyarwanda. Jambo la busara, kwa maoni yangu. Na nani akapelekwa kwa makinda wadogo? Umusambi, aliyekwisha kuushinda mkia. Waliobaki madarasa ya juu walikuwa wateja wa Bakame. Kisha Desemba 2019 likatoka tangazo jingine kwamba lugha ya Simba ianze tena tangu darasa la kwanza. Umusambi akautoa ubao wa nzi kutoka nyuma ya kabati, akaupangusa vumbi. Bakame akafungua kibanda cha pili.

Nimeruka kidogo. Mwaka 2015 simba walikuja kweli. Saba, kwa ndege, kutoka Afrika Kusini, wakaachiwa Akagera. Umusambi hakuweza kuvumilia. Aliruka mpaka huko, akatua kwa adabu umbali wa kutoshikika, akamwuliza simba jike mmoja aliyejilaza kivulini kwamba yeye, mwenye lugha, anasemaje "bila kulipa".

Simba jike akafungua jicho moja. "Sisi tumetoka KwaZulu-Natal," akasema. "Nyumbani tunasema 'ngaphandle kokukhokha'."

"Kokukhokha?"

"Ukukhokha ni kulipa. 'Uku', mbele. Hukuisikia?"

Umusambi akamwuliza mara ya pili, polepole, kuhusu lile shungi. Simba jike akageuka kuutazama mkia wake mwenyewe kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokisahau ndani ya gari, akafukuza nao nzi, akalala. Umusambi alirudi Nyandungu jioni ile akiimba, na korongo hawaimbi vizuri.

Mimi nami zamu yangu ikafika. Februari 2017 bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, cha nne pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Watu wa Biryogo tulitazamana. Bibi zetu walikisema hiki wakati Wabelgiji wanawabana katika vitongoji vya Waswahili na kuwadai kibali cha kutoka. Kiliwahi kuitwa lugha ya madereva, ya wahuni, ya stesheni ya Nyabugogo. Sasa nikaitwa kwa karatasi yenye nembo, nikapewa kiti, kizibao changu kikaitwa vazi la taifa na mtu mmoja aliyekuwa akinirushia mawe.

Bonde nalo likatengenezwa. Julai 2022, muda mfupi baada ya wakuu wa Jumuiya ya Madola kukutana Kigali, Nyandungu ikafunguliwa kuwa bustani, hekta 121, miti ya asili, madimbwi, njia za kutembelea na za baiskeli. Na milango. Milango ya kweli, yenye tiketi. Fisi ndiye anayefagia, zabuni alipata. Barua yake, nasikia, hakuna aliyeisoma mpaka mwisho. Mimi nikapewa kazi ya kukaa juu ya nguzo ya mlango na kuwajibu wageni wa Soko la Mashariki kwa Kiswahili sanifu.

Novemba hiyo akaja Mbayuwayu. Amezeeka kidogo, mkasi wake wa mkia umepungua ncha moja. Kwao baridi imeanza. Alinitambua, akafurahi, akaniambia kwamba siku hizi kazi ziko kanda nzima, kuanzia Dar es Salaam mpaka Goma, na kwa hiyo anajifunza Kiswahili kwa simu, dakika kumi kila asubuhi. Kisha akanyoosha shingo na kuiandaa sentensi yake, nikaona anaihesabu kwa vidole vya mguu.

"Shikamoo, Mzee Kunguru. Naweza kuingia bila lipa?"

Chura, aliyekuwa chini ya ubao wa tiketi, aliacha kutafuna.

"Marahaba," nikasema. "Hiyo 'bila lipa' siyo."

"Siyo? Nimesema 'naweza kuingia', na hapo niliiweka 'ku'. Nikadhani zikiwa mbili zitazidi." Akapekua simu yake. "Ningesemaje?"

"'Bila kulipa.' Au 'bila malipo', ukitaka kuombaomba rasmi."

"Lakini 'lipa' naijua! Iko kila mahali mjini, kila duka, lipa kwa simu, lipa hapa. Kwa nini hapa haifai?"

Nililitazama taji la Umusambi likielea juu ya mafunjo, mbali, naye akiwa na kundi la makinda na ubao wake. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelikalia juu ya antena nikalisikia lote, kofia, nzi na ngeli. Lakini pia nilikuwa na miaka zaidi ya mia moja ya kusubiri kuulizwa.

"Inasikika vibaya," nikamwambia. "Warsha ni wiki mbili. Chai saa nne."